Shangazi Nijibu: "Kazi hii inataka mtu wa kusikia"

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, fundi cherehani katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar es Salaam. Ni kiziwi. Sikuzaliwa hivi. Nilipata homa ya uti wa mgongo nikiwa darasa la tatu, nikatoka hospitali sisikii kitu. Kusoma na kuandika nilikuwa nimeshashika, ndiyo maana naweza kukuandikia mwenyewe. Baadaye nilipelekwa shule ya viziwi, nikajifunza lugha ya alama, nikamalizia ufundi VETA.

Kazi yangu ni kola za mashati. Sijisifu, lakini mkaguzi akirudisha mzigo wa laini yetu, kola zangu huwa hazimo. Wageni wakiajiriwa huletwa kwangu, wanasimama nyuma ya bega langu na kuangalia mikono. Tuko kama wafanyakazi 600, na viziwi ni watatu: mimi na kina dada wawili wa kufungasha. Yupo na kaka mmoja wa stoo mwenye ulemavu wa mguu. Wengine wenye ulemavu siwajui.

Mwezi uliopita supavaiza wetu alihamishiwa kitengo cha ukataji. Nafasi yake ikabandikwa ubaoni, nikaisoma kama wengine, nikaomba. Usaili ukafanyika bila mimi kuitwa. Aliyepewa ni kijana ambaye ni mimi niliyemfundisha kugeuza ncha ya kola bila kuitoboa. Simchukii. Nikaenda ofisi ya utumishi kuuliza. Dada wa pale alianza kunisemesha huku amevaa barakoa, nikamwonyesha masikio yangu. Akachukua fomu ya likizo iliyokuwa mezani, akaigeuza, akaandika kwa kalamu: "Kazi hii inataka mtu wa kusikia. Uko vizuri hapo ulipo." Akaniachia ile karatasi. Ninayo mpaka leo.

Hilo ningelimeza. Ila supavaiza mpya amefungua grupu la WhatsApp la laini, na maagizo yote anatuma kwa sauti. Ijumaa moja jioni alituma kwamba kesho yake kuna ovataimu. Mimi niliona ule mstari wa sauti tu, nikaandika "kuna nini?" Hakuna aliyejibu. Sikwenda. Jumatatu nikaitwa ofisini. Walikuwa wawili, wakazungumza wao kwa wao kwa muda mrefu, mimi natazama midomo na kuambulia neno moja moja. Nikawa natikisa kichwa kukubali ili nisionekane mjeuri. Kisha nikaletewa karatasi, kidole kikaonyesha "hapa", nikasaini. Nilidhani ni ya kuthibitisha kwamba nimeitwa. Niliposoma vizuri nyumbani nikakuta ni onyo la maandishi kwa kosa la "kukaidi agizo halali", na chini kuna mstari unaosema nimekiri kosa.

Kuna jambo jingine lililonitia hofu zaidi ya onyo. Walifanya zoezi la moto. King'ora kikalia, watu wote wakatoka. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye kola. Nilipoinua kichwa kuchukua mzigo mwingine, laini nzima ilikuwa tupu, cherehani zimeachwa na vitambaa chini ya sindano. Nikafikiri ni muda wa chakula umebadilishwa. Mlinzi ndiye aliyekuja kunivuta shati. Nje wenzangu walicheka, na mmoja akaigiza jinsi nilivyotoka. Wale dada wawili nao walikutwa ndani vilevile.

Nyumbani mama ananiambia nimshukuru Mungu, viziwi wangapi wanakaa vibarazani bila kazi. Mke wangu, ambaye naye ni kiziwi na anashona nyumbani, anasema niache tuunganishe nguvu tufungue chumba chetu. Kazini wapo wanaoniita bubu hadi leo, ingawa jina langu limeandikwa kwenye kitambulisho kifuani.

Naomba unisaidie. Je, nina haki yoyote, au viwandani ndivyo ilivyo? Ile saini imeshaniharibia? Na nimsikilize nani, mama au mke wangu?

Mshona Kola, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Hiyo fomu ya likizo umeiweka wapi? Kabla hujaendelea kusoma, itoe, ipige picha pande zote mbili, mtumie picha hizo mkeo na mtu mwingine mmoja unayemwamini, kisha karatasi yenyewe uitie kwenye bahasha na ikae nyumbani, isikae kwenye kabati la kazini. Mimi nimefanya kazi ofisi za utumishi miaka mingi, upande ule mwingine wa meza, na nakuhakikishia ni nadra mwajiri kuandika kwa mkono wake sababu ya kweli ya kumnyima mtu cheo. Kwa kawaida huambiwa "mwenzako alikuwa na sifa zaidi", na hapo mtu hana pa kushika. Wewe umepewa sababu kwa wino. Dada yule huenda alidhani anakufariji.

Haki unazo, na zimeandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, waziwazi au kwa njia ya mzunguko, na ulemavu umetajwa humo kwa jina. Ubaguzi huo hauhusu kuajiriwa na kufukuzwa tu. Unahusu pia kupandishwa cheo, mafunzo na mazingira ya kazi. Tena mfanyakazi akishaonyesha kwa mtazamo wa awali kwamba alibaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri athibitishe kwamba hakubagua. Wewe kwa karatasi yako umeshafika hapo. Juu yake ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, nayo inakataza ubaguzi kazini na kumtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3, mradi wana sifa za kazi. Kiwanda cha watu 600 kingetakiwa kuwa na 18. Wewe umewahesabu wanne. (Haya ni ya Tanzania Bara. Msomaji wa Zanzibar aulize ya kwao, wana sheria zao.)

Mwajiri ana upenyo mmoja, na ni vizuri uujue mapema kwa sababu ndimo watakamojipenyeza. Sheria inamruhusu kumtenganisha mtu kama kazi yenyewe kwa asili yake inadai sifa fulani. Watasema supavaiza lazima asikie. Basi tuitazame kazi ya supavaiza wa laini ilivyo. Asubuhi anagawa mafungu. Kila saa anaandika ubaoni vipande vilivyotoka na lengo lililowekwa. Anapita nyuma ya mafundi akiangalia mshono, anavuta uzi, anapima kwa futi, anamwita fundi mitambo cherehani ikikatika mkanda. Anajaza daftari la mahudhurio. Katika kelele za cherehani mia moja hata wanaosikia hawasikilizani, wanapungiana mikono! Kinachobaki ni simu ya ofisini, na simu siku hizi inaandika. Wakikuambia kazi hiyo haiwezekani bila masikio, waulize kwa maandishi ni kipengele kipi hasa hakiwezekani, na wamejaribu njia gani nyingine kabla ya kufikia uamuzi huo. Halafu uwakumbushe wageni wote wa laini wanaletwa wajifunze kwako.

Kuna watu huko nje wanaoamini kiziwi hawezi hata kukutana na mteja. Waende Iringa mjini, kwenye mgahawa wa Neema Crafts, ambako wahudumu ni viziwi. Mteja anaandika anachotaka kwenye karatasi, chakula kinaletwa, na wazungu na Wahehe wanakula na kulipa.

Sasa saa inakimbia. Mgogoro wa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanayoiita CMA, kwa kujaza Fomu Namba 1. Ukifukuzwa, una siku 30 za kuipeleka. Migogoro mingine, pamoja na wako huu wa ubaguzi, una siku 60 tangu ulipozuka. Kwa suala la cheo, hesabu kwa tahadhari kuanzia siku uliyoandikiwa ile karatasi. Umeniambia ni mwezi uliopita, kwa hiyo muda umebaki mchache, usiupoteze ukisubiri ofisi yenu ijibu barua nitakazokuelekeza uwaandikie. Ofisi nyingi zinajua sana kukaa kimya mpaka siku zipite. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kila siku iliyopotea, na maombi hayo hukataliwa. Hatua ya kwanza pale ni usuluhishi, mnakaa pande mbili na msuluhishi katikati, na mengi huishia hapo, hasa mwajiri akiona mwandiko wa ofisi yake mwenyewe juu ya meza.

Nije kwenye saini. Haijakuharibia, lakini usiiache ilale. Saini ya mtu ambaye hakuelezwa anachosaini haina nguvu wanayoidhani, ila ukikaa nayo miezi bila kusema neno itaonekana uliridhika. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinataka mfanyakazi anayeitwa kwenye kikao cha nidhamu aelezwe tuhuma kwa namna na lugha anayoweza kuielewa, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini. Wewe ulipewa kidole kinachoonyesha "hapa". Watajitetea kwamba hicho hakikuwa kikao, yalikuwa mazungumzo tu. Kama yalikuwa mazungumzo tu, mbona yamezaa onyo lenye mstari wa kukiri kosa?

Tena kosa lenyewe ni la kushangaza. Ovataimu kwa sheria yetu hufanyika kwa makubaliano, mwajiri hamshurutishi mtu kwa amri, na ina kikomo cha saa 50 katika kila wiki nne. Soma mkataba wako uone ulikubali nini kuhusu hilo. Lakini hata kama ulikubali, agizo lililotumwa kwa sauti kwa mtu asiyesikia halijamfikia. Ule ujumbe wako wa "kuna nini?" upo bado kwenye grupu? Upige picha ukionekana pamoja na tarehe, saa, na sauti iliyo juu yake. Huo ndio utetezi wako wote, na uko mfukoni mwako. Fanya leo, maana grupu huweza kufutwa na mtu kuondolewa.

Naomba nikuambie kitu kuhusu kule kutikisa kichwa. Naelewa kwa nini mnafanya. Umezungukwa na midomo inayocheza, watu wana haraka, unaona aibu kumwambia mtu arudie mara ya tatu, unatikisa kichwa yaishe. Mtu anayesikia akikuona hivyo huondoka akiamini mmeelewana, na kesho yake atasema mbele ya msuluhishi, tena kwa dhati kabisa, kwamba "tulimweleza na akakubali". Kuanzia sasa ukiitwa ofisini ingia na daftari. Usichokielewa usikitikisie kichwa. Andika: "Sijaelewa, naomba uandike." Wakikuwekea karatasi ya kusaini, ichukue, iandike pembeni "Nimepokea, sijakubali yaliyomo", weka tarehe, ndipo usaini. Kama wanakataa usiandike hivyo, usisaini, omba nakala ukaisome nyumbani.

Andika barua mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni ya kupinga onyo, na inaweza kuwa fupi namna hii:

"Yah: Kupinga onyo la maandishi. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfanyakazi kiziwi wa laini ya kushona. Ninapinga onyo nililopewa tarehe (andika tarehe). Agizo la ovataimu lilitumwa kwa ujumbe wa sauti, ambao siwezi kuusikia. Niliuliza kwa maandishi siku hiyohiyo na sikujibiwa. Katika mazungumzo ya ofisini hapakuwa na mkalimani wa lugha ya alama, sikuandikiwa yaliyokuwa yakisemwa, na sikuelezwa kwamba karatasi niliyosaini ni ya kukiri kosa. Naomba onyo hilo liondolewe kwenye faili langu na nijulishwe kwa maandishi. Naambatisha picha ya ujumbe wangu."

Basi. Usiongeze matusi wala historia ya miaka yote. Barua ndefu ya malalamiko ofisini huwa inasomwa ukurasa wa kwanza, nalijua hilo vizuri.

Ya pili ni ya cheo na mawasiliano. Uliza kwa nini hukuitwa kwenye usaili wakati uliomba ndani ya muda, na ambatisha nakala (nakala tu, mwanangu, narudia) ya ile fomu ya likizo. Kisha omba mambo yanayoshikika: maagizo yote ya kazi yatumwe kwa maandishi; vikao vinavyokuhusu, vya nidhamu, usaili na mafunzo, viwe na mkalimani wa lugha ya alama; taa za tahadhari za kumulika ziwekwe kwenye laini na kwenye kufungasha. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 27 kinadai mfanyakazi afanyiwe marekebisho ya busara mahali pa kazi. Mkataba huohuo unahesabu kunyima marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi. Ujumbe wa maandishi haugharimu hata senti. Nadhani hata huyo kijana supavaiza hana ubaya na wewe, anatuma sauti kwa sababu mikono imeshika kazi na kidole kimoja kinatosha. Mwandikie yeye binafsi kabla ya barua, kwa upole, aandike mistari miwili. Kama ana fadhila kwa aliyemfundisha kugeuza kola ataanza siku hiyohiyo.

Mkalimani ni suala jingine, maana analipwa, na hapo ndipo utasikia "hatuna bajeti". Wasiliana na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, uombe wakuelekeze kwa wakalimani waliozoea kazi za ofisini na za kisheria. Ninachokuomba usikubali ni kutafsiriwa na jirani yako wa cherehani anayejua alama mbili tatu za "chakula" na "nyumbani". Kwa stori za mchana anafaa sana. Kwenye kikao cha nidhamu ni mfanyakazi wa bosi yuleyule, anaogopa, na akikosea neno moja wewe ndiye unayeandikiwa onyo. Utakapojaza fomu ya Tume, waandikie pia kwamba wewe ni kiziwi na unahitaji mkalimani, mapema, siyo siku ya kikao asubuhi.

Kama kiwandani kuna tawi la chama cha wafanyakazi, kwa viwanda mara nyingi ni TUICO, nenda kwa mwenyekiti wa tawi na barua zako zikiwa tayari. Kama unakatwa ada ya chama kwenye mshahara, angalia hati ya malipo, hiyo huduma umeshailipia. Wapo viongozi wa matawi walio mfukoni mwa meneja, sitakuficha. Ndiyo maana nakala zako zikae nyumbani.

Na wale dada wawili wa kufungasha? Wewe ulianza kusoma kabla ya kupoteza usikivu. Kama wao wamezaliwa viziwi, lugha yao ya kwanza ni ya alama, na Kiswahili cha kuandikwa wamekipata darasani kwa shida, kama wengi wetu tulivyokipata Kiingereza. Barua ya mkataba kwao ni msitu. Sheria ya 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya ajira yake anaelezwa kwa namna anayoielewa, na sidhani kama kuna aliyefanya hivyo kwao. Waulize wamewahi kusaini nini. Ukipeleka ombi la taa na mkalimani likiwa na majina matatu, ofisi itashindwa kusema ni tabia ya mtu mmoja. Lakini ile ya cheo na ya onyo ni yako peke yako, usiwabebeshe.

Suala la king'ora mimi nisingesubiri. Hilo halihitaji ubaguzi uthibitishwe. Watu watatu walibaki ndani ya jengo lenye vitambaa, nyuzi na umeme, na zoezi likahesabiwa limefanikiwa. Zoezi la moto hufanywa ili kuona nani anabaki. Andika ripoti fupi kwa kamati ya usalama ya kiwanda, na wasipoijibu, peleka nakala kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Wale huwa na haki ya kuingia kiwandani na kukagua. Wakati taa hazijafungwa, omba jina la mtu mmoja kila zamu ambaye kazi yake ni kuja kukugusa bega, na wale dada wapewe wao. Liandikwe kwenye karatasi ya dharura iliyobandikwa ukutani, lisibaki kwenye wema wa mlinzi.

Mama yako hana kosa. Amemwona mtoto akiingia hospitali anasikia na kutoka hasikii, kisha akamwona anapata ajira yenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Anaogopa upoteze. Ukimwonyesha barua usimwambie unagombana na kiwanda, mwambie unaomba taa.

Mkeo naye ana hoja nzuri kuliko anavyojua, lakini muda wake haujafika. Ukiandika barua ya kuacha kazi leo, kesi ya cheo inapoa na onyo linabaki kwenye faili kama ndiyo sababu uliyoondokea. Sheria inatambua mtu aliyesukumwa mpaka akaacha, kwamba mwajiri alifanya kazi isivumilike na hilo likahesabiwa kama kuachishwa, ila kulithibitisha ni kazi ngumu na siku zako zinakuwa 30. Wao wakikuachisha kwa sababu ya uziwi wako, hiyo siyo sababu halali hata kidogo. Kwa hiyo waache wao wahangaike, wewe fika kazini kwa wakati, shona kola zako, usitoe nafasi ya onyo la pili.

Wakati huo anzeni hesabu za chumba chenu. Ovaloki ya mtumba, kodi ya miezi sita kama kawaida ya wenye nyumba wa Dar, pasi, umeme wa LUKU, na wateja wa sare za shule ambao huja kwa msimu. Nenda NSSF uchukue taarifa ya michango yako uone kama kiwanda kimewasilisha miezi yote, maana nimeona watu wanagundua mapengo siku ya kudai. Mkiona hesabu zinakubali, utaondoka kwa barua uliyoipanga, siku mtakayoichagua ninyi.

Barua zote mbili zipeleke wiki hii kwa mkono, kila moja na nakala, na nakala igongwe muhuri wa mapokezi mbele yako. Majibu yakija, yapige picha unitumie kabla hujasaini chochote.

Shangazi